Ukimpandishia mtu begi kwenye ndege, unadaiwa kumshushia?

#1 Mtoto wa Uyole

Wakuu, habari za jioni.

Naomba mniamulie kesi, maana nyumbani imeshanishinda. Jumanne nilipanda ndege Songwe kwenda Dar, ile ya pangaboi, yenye mapanga yanayozunguka kwenye mabawa. Kwenye foleni ya kuingia, mbele yangu yuko mama wa makamo, kitenge safi, kibegi cha matairi mkononi. Alipofika siti ya sita akasimama. Hakusema kitu, wakuu. Aliliangalia begi, akaliangalia kabati la juu, akaniangalia mimi. Tuliolelewa huku tunajua maana ya macho yale. Nikasema, "Shikamoo mama, lete nikupokee."

Sasa lile begi. Kwa kulitazama ni la gauni mbili na kanga. Kulinyanyua, mkono ukarudi chini wenyewe. Mchele! Niliusikia ukijimwaga upande mmoja humo ndani kama mchanga. Foleni nzima inanitazama, nikajikaza, nikasukuma, likaingia. Mama akasema, "Ubarikiwe mwanangu." Nikaenda zangu siti ya 17.

Tumetua Dar, nawasha simu, bosi anapiga. Nikatoka simu sikioni, nikapita siti ya sita bila kuangalia kushoto wala kulia. Nipo kwenye mkanda wa mizigo nasikia nyuma yangu: "Kumbe ndiye wewe! Unanipandishia mzigo halafu unaniacha nao huko juu?" Watu wote wakageuka. Anasema alikaa ananisubiri, wenzake wanapita, mpaka akashushiwa na binti mwembamba kama ufito. Nikakosa jibu, nikaomba radhi.

Mke wangu anasema nilikosea, ukishaushika mzigo wa mtu uufikishe. Kaka yangu anasema mama ndiye mwenye kosa, nani kamtuma abebe ghala. Nyie mnasemaje?

#2 Kinyozi wa Mwanjelwa

Nimewahi siti ya dirishani. Ngoja waje wenye ndege zao, sisi wa treni ya Tazara tunasoma tu.

#3 Mguu wa Kuku

Chai hii ina tangawizi. Pangaboi abiria wanapandia mlango wa nyuma, mbele kunakaa mizigo. Sasa mnaingilia nyuma halafu unamkuta mama siti ya sita kabla hujafika 17? Ulipaswa kuanza na 17. Siku nyingine jipange kwanza.

#4 Fundi Bawa

Mguu wa Kuku, pangaboi si aina moja. Hiyo unayoisema ni ATR, na kwa ATR uko sahihi kabisa: abiria nyuma, chumba cha mizigo mbele. Lakini Bombardier Q400 mlango wake wa abiria ni wa mbele kushoto, na ngazi zimeungana na mlango wenyewe. Siti 76, mbili huku mbili huku. Kwa hiyo mleta mada hajatupiga chai.

Kinachonishangaza mimi ni kingine. Makabati ya Q400 ni finyu. Begi la matairi mara nyingi linachukuliwa pale chini kwenye ngazi, linaandikwa, linaingia buti. Huyo mama alipitaje?

#5 Mtoto wa Uyole

Fundi, lilikuwa dogo kweli, liliingia kwa ubavu. Udogo wake ndio ulioniponza.

#6 Mguu wa Kuku

Sawa, nimekubali ya mlango. Ya mama bado naitafakari.

#7 Mama Wawili

Nina futi tano kasoro, kwa hiyo hapa naongea kama mdau mkuu.

Wanaume mnadhani kazi ni kupandisha. Kupandisha hata mimi najitahidi: naweka begi kwenye siti kwanza, nakanyaga kile kijiti cha chini ya kiti, nasukuma kwa kichwa na viganja. Nalisukuma kitu ninachokiona. Shida iko kwenye kushusha. Nimenyoosha mkono, sifiki, nashika ncha ya mkanda, navuta, halafu mzigo mzima unanijia usoni na mimi nimesimama kwa vidole. Ukinipandishia begi ukalisukuma mpaka ndani kabisa kule ukutani, umeniongezea tatizo. Bora ungeniacha nihangaike nalo likae ukingoni.

Mleta mada, una deni. Pole.

#8 Hakimu wa Kijiweni

Mahakama imeketi.

Mlalamikaji hakuomba kwa mdomo, aliomba kwa macho. Mlalamikiwa alijitolea. Hakuna mahali waliposema "na kurudi". Mtu akikupa lifti kutoka Uyole mpaka Mafiati, jioni unamsubiri Mafiati akurudishe? Kesi imefutwa, mama alipe gharama kwa mchele.

#9 Mama Wawili

Hakimu, lifti ya Mafiati nikishuka niko ardhini. Hapa ameniachia mali yangu juu ya mti.

#10 Kinyozi wa Mwanjelwa

Juu ya mti 😂 Hakimu kata rufaa.

#11 Konda Mstaafu

Nimefanya njia ya Dar–Tunduma miaka mingi, naomba niwape sheria ya basi. Mzigo wa buti ni wangu mimi: naupakia, nakupa kipande cha namba, nakushushia. Mzigo wa keria ya ndani ni wa mwenyewe. Nikikusaidia kuupandisha nimekusaidia tu, ukipotea tusijuane. Ndivyo ilivyo na inajulikana, ndiyo maana basini hamgombani.

Ndege imechanganya mambo kwa sababu konda hayupo. Kuna wale wahudumu wa kike na wa kiume waliovaa vizuri, abiria anadhani ni makonda. Si makonda wale.

#12 Bibi Parachichi

Mwaghonile wote.

Mnalisema kama jambo la ndege, ni jambo la malezi. Kwetu Rungwe mgeni akionekana tu njiani na mzigo, mtoto anakimbia kumpokea. Hasubiri kuambiwa. Na haulizi "nikusaidie", anasema "nikupokee". Angalieni tofauti ya maneno hayo mawili. Ukimsaidia mtu, anajua ameshindwa. Ukimpokea, umemheshimu tu kwamba ametoka mbali.

Na anayepokea mzigo anaufikisha wapi? Ndani. Hauweki kwenye kibaraza akakimbilia mpira. Kijana alitumia neno la nyumbani, mama akategemea ya nyumbani. Angesema "nikusaidie" wasingefika huku.

#13 Hakimu wa Kijiweni

Mahakama inaomba muda. Hoja ya Bibi ni nzito kuliko lile begi.

#14 Mrefu wa Njombe

Nina futi sita na inchi tatu. Mimi siingii kwenye ndege kama abiria, naingia kama winchi. Nikipita tu kila mtu anakumbuka ana mzigo.

Niseme kweli, nafurahi kusaidia, ila nimejifunza kwa kuumia. Kuna mzee mmoja nilimuona anahangaika na mkoba, nikauchukua na kuuweka juu bila neno. Mzee aligeuka mwekundu. "Kijana, mimi nimebeba mataruma ya Tazara mwaka 72, wewe unanibebea mkoba?" Ndege nzima kimya. Nikaushusha, nikampa, akaupandisha mwenyewe kwa dakika nzima mikono inatetemeka, na mimi nimesimama naangalia viatu.

Tangu siku hiyo kwa wazee wa kiume nina mbinu. Nasema, "Mzee samahani, naomba nisogeze mkoba wako kidogo langu lipate nafasi." Nikisogeza, umeshakaa juu. Hakuna aliyesaidiwa.

#15 Kamwene

Mrefu umenikuna. Kamwene wote.

Konda kataja keria nikakumbuka kisa. Basi linatoka Iringa kwenda Dar, masika, jamaa kaweka kidumu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye keria ya ndani, kifuniko kakaza kwa nailoni kabisa. Ulanzi wa jana ule, bado unachemka. Tumefika Kitonga, jua kali, kona baada ya kona, kidumu kinavimba kama tumbo la chura. Kona ya nne, PUU! Dada wa siti ya chini alikuwa amesuka siku hiyohiyo.

Swali langu: aliyempandishia kile kidumu alikuwa mwanafunzi wa chuo, alimuonea huruma tu mwenye mzigo. Yule dada alimshukia mwanafunzi, si mwenye ulanzi. Alisema, "Wewe ndiye nilikuona unakiweka." Sasa kumbe ukishausaidia mzigo wa mtu hata madhara yake ni yako?

#16 Konda Mstaafu

Huo ulikuwa uzembe wa konda. Ulanzi mbichi hufungi kifuniko, unaziba kwa majani upumue. Mwana Iringa hujui?

#17 Kamwene

Mimi nilikuwa abiria mkuu, si mgema.

#18 Fundi Bawa

Na msijaribu hiyo kwenye ndege. Ndani ya ndege ikiwa juu hewa hailingani na ya uwanjani, inashushwa mpaka kama uko kwenye mlima, kwa ndege nyingi kikomo ni kama mita 2,400 juu ya bahari. Ndiyo maana mfuko wa krispi unavimba. Kwa sisi wa Mbeya si ajabu sana maana tunaishi zaidi ya nusu ya njia kwenda huko, lakini kidumu kilichofungwa pwani kitawasimulia.

#19 Mguu wa Kuku

Tumetoka kwenye mada. Narudisha.

Mimi naona tatizo ni moja: uongo wa kilo. Mashirika mengi mkoba wa mkononi mwisho kilo 7. Mizani iko kaunta, mlangoni wa ndege hakuna. Basi mtu anapakia kilo 15, akipita mbele ya wahusika anatembea na USO WA KILO 7. Anabembeza begi kwa vidole viwili, anatabasamu, anaongea na simu, na bega linakatika. Mmeshawaona. Sasa akifika kwenye kabati uongo unafika mwisho, unahitaji shahidi wa kuunyanyua.

Ndiyo maana yule mama hakuomba kwa mdomo. Angesema "nisaidie ni zito" mhudumu angesikia. Mleta mada, wewe hukusaidia mtu, ulishiriki magendo.

#20 Kinyozi wa Mwanjelwa

Uso wa kilo 7 😂😂 Mimi nimewahi kuwa na huo uso kwenye daladala na kuku wawili.

#21 Bibi Parachichi

Mguu wa Kuku, usimwite mama wa watu mfanyamagendo. Mchele wa Kyela huko Dar wanauuza uliochanganywa na usiojulikana. Mama anapeleka kwa wajukuu wale wali unaonukia. Ataupeleka kwenye nini, bahasha?

#22 Mguu wa Kuku

Aupeleke buti, Bibi. Kilo 23 za buti zipo kwenye tiketi nyingi.

#23 Bibi Parachichi

Na za buti zilikuwa na nini unadhani? Ndizi na viazi. Wewe hujawahi kwenda kwa wajukuu.

#24 Nesi wa Zamu

Naongeza la kitabibu kwa kifupi kwa sababu niko zamu. Kunyanyua kitu kizito juu ya kichwa, mikono imenyooka, kiuno kimegeuka kwa sababu njia ni nyembamba na kuna mtu nyuma yako: hayo matatu kwa pamoja ndiyo yanayotuletea watu wa mgongo na bega. Uzito peke yake siyo shida yote.

Mama Wawili kasema bila kujua jambo sahihi. Gawa safari mara mbili. Kutoka chini weka kwanza kwenye siti, piga magoti kidogo, mzigo ukae karibu na kifua. Pumzika. Halafu kutoka kwenye siti kwenda juu, uso wako na miguu yako vielekee kabati, usijipinde. Begi likiwa zito kweli mlishike watu wawili, mmoja kila ncha. Na mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mjamzito, mwenye presha isiyotulia, akatae bila aibu. Mdomo upo.

Kushusha nako hivyohivyo, na kwanza hakikisha hakuna mtu amekaa chini ya kabati.

#25 Mrefu wa Njombe

Nesi, hilo la kukataa ndilo gumu. Mtu mwenye mwili kama wangu nikisema "mgongo unauma" naonekana nimejifanya. Mwaka jana nilikuwa na mshono wa ngiri, mwezi haujaisha. Dada kaniomba, nikasema samahani dada nimefanyiwa upasuaji. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. Akasema, "Haya." Hiyo "haya" naisikia mpaka leo.

#26 Kinyozi wa Mwanjelwa

Ungemuonyesha mshono.

#27 Mrefu wa Njombe

Wa ngiri, mkuu. Fikiria uko wapi.

#28 Mke wa Tukuyu

Huwa nasoma tu, leo nachangia.

Mimi ni mtu wa Singida, nimeolewa kwa Wanyakyusa. Wenye kabila lao mnajua: mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Kwa mila ya zamani hata njiani unamkwepa, humtazami usoni. Mume wangu alibaki Dar kikazi, mimi nikatakiwa kumrudisha mzee Mbeya kwa ndege baada ya matibabu. Mzee mwenyewe alishikilia tukae mistari tofauti. Yeye mbele, mimi nyuma.

Anaingia, mkoba wake mzito, mkono mmoja una bandeji. Mimi niko hatua mbili nyuma. Siwezi kupitisha mikono juu ya kichwa chake, siwezi kumgusa, siwezi hata kumuuliza. Na yeye hawezi kuniambia. Tumesimama. Foleni inasonya. Mwanamke mmoja akanifokea, "Wewe dada huna huruma, msaidie mzee!" Nilitaka ardhi ipasuke.

Kijana mmoja akauchukua, akaupandisha. Nikamnong'oneza, "Ni baba mkwe wangu." Hakuelewa, akanijibu, "Sasa si ndiyo ungemsaidia!"

Kwa hiyo mkimuona mtu hasaidii, msimhukumu haraka.

#29 Bibi Parachichi

Ndaga fijo, asante sana mwanangu, umeheshimu nyumba ya watu. Siku hizi wengi wamelegeza, kanisani wanakaa ukumbi mmoja, hospitali wanauguzana. Lakini mzee akiishika, ishike naye.

#30 Hakimu wa Kijiweni

Nilikuwa tayari kutoa hukumu, sasa mmeniletea mila. Na kutua je, nani alimshushia mzee?

#31 Mke wa Tukuyu

Yuleyule kijana. Alisimama pale pale mpaka mwisho. Hakuambiwa.

#32 Mama Wawili

MTOTO WA UYOLE UMESOMA HAPO?

#33 Mtoto wa Uyole

Nimesoma mama, nipo.

#34 Mlinzi wa Lango

Wote mnasahau hatari. Kila uwanja unatangaziwa usibebe mzigo wa mtu usiyemjua. Leo mchele, kesho unga mwingine. Ukishika begi la mtu alama zako za vidole zipo. Mimi sishiki, nawaita wahudumu. Ndiyo kazi yao na wanalipwa.

#35 Fundi Bawa

Mlinzi, mambo mawili.

La kwanza, onyo lile ni la kubeba: kupokea mzigo wa mtu na kupita nao ukaguzi kama wako. Begi lililoko ndani ya ndege limeshapita mashine na mwenyewe yupo hapo amekaa. Kulisogeza nusu mita kwenda juu si kulibeba safari.

La pili, hapana, si kazi yao. Mhudumu wa ndege yuko pale kwanza kwa usalama wako. Mashirika mengi duniani yanawaelekeza wasinyanyue mabegi ya abiria kwa sababu wakifanya hivyo kwa safari nne kwa siku wataumia wote. Wanaweza kukutafutia nafasi, kukusaidia kama una tatizo la mwili. Marekani ilikuwa kawaida hata dakika za kupakia abiria hawalipwi, saa inaanza mlango ukifungwa. Delta ndio walioanza kuwalipa muda huo mwaka 2022, tena nusu ya kiwango. Sasa avunjike mgongo kwenye dakika za bure?

#36 Mlinzi wa Lango

Ya Marekani waachie Marekani. Huku Mkoa wa Songwe mhudumu alinipandishia begi mwenyewe kwa tabasamu.

#37 Fundi Bawa

Alikufanyia hisani. Halafu Uwanja wa Songwe hauko Mkoa wa Songwe. Uko Mkoa wa Mbeya, Mbeya Vijijini, na ulianza kazi Desemba 2012, mkoa wenyewe wa Songwe ukazaliwa 2016. Jina ni la bonde.

#38 Kinyozi wa Mwanjelwa

Fundi hana msamaha leo.

#39 Kamwene

Sisi wa Nduli, uwanja wa Iringa, tumeshayavuka haya yote. Miaka tuliyopanda Caravan, vile vindege vidogo, hakuna kabati la juu kabisa. Begi linaenda tumboni kwa ndege, na wewe mwenyewe unapimwa na mkoba wako kama gunia la mahindi, namba inaandikwa watu wakisikia. Hapo uso wa kilo 7 unaupeleka wapi?

#40 Mama Wawili

Kupimwa mbele za watu?! Bora nipande basi la ulanzi.

#41 Mwalimu wa Jiografia

Mimi nina maelezo tofauti na yenu yote. Basini mko pamoja saa kumi na mbili, kumi na nne. Mnakula pamoja, mnachimba dawa pamoja, mkifika Makambako mnajua hata majina ya watoto wa jirani. Kumwacha mtu na mzigo wake ni aibu kwa sababu mmeshajuana. Ndege ni saa moja na ushee. Mnaingia kama wageni, mnatoka kama wageni. Msaada wa kupanda unafanyika kwa sababu begi la mama limeziba njia YAKO. Ukishuka haliko njiani kwako, linakuhusu nini? Mleta mada jipime kwa ukweli, ulimpokea mama au ulifungua njia?

#42 Mtoto wa Uyole

Mwalimu umenigusa pabaya. Sitajibu.

#43 Konda Mstaafu

Mwalimu, pale Songwe ukungu ukishuka ndege ikashindwa kutua mkarudishwa Dar, mnajuana vizuri tu. Nimewasikia abiria wakitoka pale wanaitana "shemeji".

#44 Dada wa Mafinga

Nikiwa mwanamke naongeza kidogo. Wanaume, ulizeni kwanza. Mimi nanyanyua mbao shambani kwa baba yangu Mafinga, begi la kilo 7 si kitu. Lakini kuna wale wanaokunyang'anya mkononi, halafu wakishapandisha wanadhani wamelipia mazungumzo mpaka Dar. "Unaitwa nani, unakaa wapi, nipe namba nikushushie." Nikushushie! Kushusha kumegeuzwa chambo.

Kwa hiyo mimi nafurahi aliyepandisha akipita moja kwa moja na simu sikioni. Huyo hakuwa na lake.

#45 Mama Wawili

Ee, hilo nalo lipo. Ila mama wa kitenge na mchele hakuwa anaombwa namba.

#46 Hakimu wa Kijiweni

Usiseme hivyo, mchele wa Kyela una wachumba.

#47 Fundi Bawa

Niongeze moja kabla sijalala, nje kidogo ya mada. Kama ni dharura, hakuna kupandisha wala kushusha. Begi liache. Haneda, Japani, tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na nyingine kwenye njia ya kurukia ikawaka moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani walitoka hai, na picha zinaonyesha wanateleza kwenye materemko ya dharura mikono mitupu. Ndege yenyewe iliungua ikaisha. Hapo mama wa mchele aniwie radhi.

#48 Bibi Parachichi

Hapo hata mimi nauacha. Mchele unalimwa tena.

#49 Mguu wa Kuku

Mleta mada, bado kuna kitu hujatuambia. Baada ya kukugombeza pale kwenye mkanda, ikawaje? Mama wa Kinyakyusa hamalizi ugomvi kwa kunyamaza.

#50 Mtoto wa Uyole

Mguu wa Kuku wewe ni mpelelezi.

Haya. Nilipoomba radhi akaguna. Nikamshushia begi lake la pili kwenye mkanda, lile la ndizi, nikaliweka kwenye troli, nikasukuma mpaka nje kwa mwanae. Hapo akafungua mkoba wa mkononi, akanipa parachichi mbili. Hakusema neno.

#51 Hakimu wa Kijiweni

Ushahidi mpya! Kwa nini mahakama ilifichwa? Umesamehewa, kesi imefungwa.

#52 Mama Wawili

Kusamehewa wapi. Hizo mbili ni malipo ya kupandisha na ya troli. Kushusha bado.

#53 Mke wa Tukuyu

Au moja ni yako na moja ya yule binti mwembamba. Ulimtafuta?

#54 Mtoto wa Uyole

Hilo sikuliwaza kabisa.

Lakini zenyewe hata sijazila. Leo siku ya nne ziko juu ya friji, ngumu kama mpira wa kikapu. Mnazifanyaje?

#55 Kinyozi wa Mwanjelwa

Funga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, siku mbili tatu zinaitika.

#56 Bibi Parachichi

Ni Hass au la kienyeji? Kama ganda lina vipele ni Hass, litageuka jeusi likiiva, usije ukalitupa ukidhani limeoza. La kienyeji mara nyingi linabaki kijani, libonyeze karibu na kikonyo.

#57 Mtoto wa Uyole

Moja lina vipele, jingine laini.